Jego Langu na Ndimu za Mkuyuni

Jumatatu, 2 Juni 2025
Kosa la wengi ni kudhani sukari ndiyo inayotoboa jino. Sukari ni chakula tu. Mtoboaji ni bakteria: huila, kisha hutoa asidi, na asidi ndiyo inayomega jino. Nilimfafanulia hayo daktari wa meno. Akasema vizuri sana, mwalimu, sasa fungua mdomo. Jego limeoza, ataling'oa Alhamisi. Sikubali! Ndilo jego pekee lililobaki na mwenzake wa kusaga naye chakula, na Idi ni Jumamosi. Jirani yangu Halidi anachinja beberu. Katangaza msikitini kwamba nyama ni ya wenye meno, Mwalimu Luqmani atawekewa mchuzi.

Jumanne, 3 Juni
Mjukuu wangu Nasra ni fundi wa maabara. Juzi alichukua uchafu wa jego langu kwa pamba, akauotesha kwenye kisahani. Leo kanionyesha. Subhanallah! Utando mweupe, mamilioni ya wapangaji wangu. Katikati, kikaratasi kilicholowekwa maji ya ndimu, na kukizunguka duara safi kabisa. Hakuna aliyethubutu kusogea! Miaka thelathini na minne nimefundisha baiolojia, sijaona kitu kizuri hivyo. Tunda la kukamulia supu! Nasra akaonya: babu, kisahani hakina meno. Sikumsikiliza.

Jumatano, 4 Juni
Ndimu arobaini kutoka Mkuyuni. Nasukutua kila saa, dakika kumi kumi. Mke wangu Pili akiniuliza jambo najibu kwa vidole. Anasema nyumba haijawahi kutulia hivi.

Alhamisi, 5 Juni
Kwa daktari sikwenda. Chai inachoma. Maji ya mtungi yanachoma. Hata upepo wa mlimani ukiingia mdomoni naruka! Nasra kasema asidi ya ndimu nayo humega jino. Nikamwambia hiyo ni asidi rafiki.

Jumamosi, 7 Juni. Idi
Halidi kaniwekea ini, laini kama ndizi mbivu. Karibu mwalimu, kasema, usiogope. Nikang'ata, jego likapasuka vipande viwili. Nimekunywa mchuzi. Mtamu, kwa bahati mbaya.

Jumatatu, 9 Juni
Limeng'olewa. Nasra kaniwekea kipande chini ya darubini. Mapango! Mabonde! Kiumbe asiyeonekana kachonga kitu kigumu kuliko mfupa. Machozi yalinilenga.

Kosa langu nimeligundua: ndimu ni kali mno. Balungi ni pole. Na nimebakiwa na meno kumi na tisa ya majaribio.

Pili, najua unasoma daftari hili. Leo pita sokoni Mwembesongo, ulete mabalungi sita.