Yah: Kufutwa Mafunzo kwa Kosa la Kutokufa

Mwaya, Kyela
Jumatatu, mvua ikiwa imepumzika

Kwa Mkurugenzi,
Shirika la Jirani na Haki.

Ndugu Mkurugenzi, mwanangu Doreen,

Shikamoo yako niliipata jana pale kanisani, ingawa uliitoa kwa mbali, mlango ukiwa nyuma yako. Marahaba. Mimi mzima, kadiri inavyowezekana.

Kwa ajili ya faili, naitwa Ezroni Mwakatumbula, mwalimu mkuu mstaafu, na hadi wiki iliyopita nilikuwa mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo katika shirika lako, kitengo cha kuchangisha wananchi. Daktari ameniambia moyo wangu umekuwa mkubwa kuliko kifua changu, na kwamba nisihangaike kupanda kakao mpya. Tangazo lenu lilitafuta vijana wenye moyo wa kutetea wanyonge. Moyo ninao, tena wa kuzidi. Ujana nao nilikuwa nao, na tangazo halikusema usiwe umetumika.

Mtu aliyekaribia kaburi hana faida ya kudanganya, kwa hiyo naomba barua hii uipokee kama malalamiko na kama maungamo. Unajua linalonisumbua. Alhamisi hii shauri la Tumpale, mjane wa Ngonga, linasikilizwa na baraza la ardhi mjini. Shemeji zake walilichukua shamba lake la mpunga kabla hata sufuria za msiba wa mumewe hazijarudishwa kwa wenyewe. Mashahidi wake ni wazee wenzangu walioona miti ya mpaka ikipandwa, na hakuna hata mmoja anayeweza kutembea kwenye matope ya sasa. Bila gari hawafiki, na wasipofika, shamba limekwenda. Nilijiunga nanyi ili nijifunze kulichangisha gari hilo. Badala ya gari nimepata barua ya kunifuta, yenye sababu moja tu: "kusababisha msiba usio na marehemu".

Nalalamika kama ifuatavyo.

1. Nimeadhibiwa kwa kutii. Kijana wenu Lameck, mkufunzi wangu, ambaye namheshimu ingawa anavaa kofia ndani ya nyumba, alitufundisha kanuni tatu na kuzibandika ukutani. Mwanzo, msimulie mtu hadithi yako mwenyewe. Halafu mwombe kitu kimoja, waziwazi. Ukishaomba, nyamaza. "Atakayesema kwanza ameshindwa," alisema Lameck, akaturudisha kwenye kanuni hiyo hadi saa ya chai. Nilipita nyumba kwa nyumba hapa Mwaya nikizifuata. Sikupata hata kikombe cha mchele. Atupele, mwenyekiti wa kina mama wa kanisa, aliniambia mchele wake umeisha, wakati nilikuwa nausikia ukichemka. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba wananchi wetu hawamchangii mtu aliye hai. Naomba ukumbuke jambo hili, kwa sababu malalamiko yangu yote yanasimama juu yake.

2. Tukio la dukani limeelezwa vibaya. Barua yenu inasema "ulijifanya maiti". Sikujifanya kitu. Niliingia kwa Athuman, mwenye duka la vitambaa na vyakula, ambaye baba yake alitoka pwani akaja kuuza mabati na akasahau kurudi. Nikakaa juu ya gunia la chumvi, nikatoa hadithi yangu, nikamwomba gari, nikanyamaza. Ili nisishawishike kusema, nilifumba macho.

Athuman akasema, "Mwalimu?" Kisha akasema, "Mwalimu, tafadhali, usinifanyie hivyo leo, kuna mnada." Kwa mujibu wa kanuni, Athuman alikuwa ameshashindwa, tena mara mbili. Lakini Lameck hakutufundisha mshindi anaruhusiwa kusema lini. Nikaendelea kunyamaza.

Ndipo Athuman akapiga yowe, na Mwaya ikaja. Walinilaza juu ya meza ya kukatia vitambaa. Athuman, Mungu ambariki, alikata sanda kabla ya kuuliza dini yangu. Kina mama walifika wakilia, "Mwe tata, baba yetu, alikuwa na upendo!" Mwingine akajibu katikati ya kilio, "Alikuwa na fimbo!" Atupele, yuleyule aliyeishiwa mchele, aliingia na madebe mawili kichwani. Ndizi zilishushwa kwa mikungu. Wanaume walikuwa nje wakibishana ng'ombe atoke zizi la nani, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilisikia watu wa ukoo wangu wakigombea kutoa.

Hapa naungama: nilifungua jicho moja. Nilitaka kuona ukubwa wa mikungu. Naungama pia kwamba ningeweza kuketi na kuwaondolea watu huzuni mapema, ila hotuba ya mwenyekiti wa kitongoji ilikuwa inanihusu, na ilikuwa nzuri.

Kilichonishinda ni Nsajigwa, fundi seremala. Alikuja kunipima kwa rula ndefu ya mbao akaanza kuhesabu kwenye moja. Nilimfundisha Nsajigwa darasa la tatu. Nilimwambia siku ile, na siku nyingi baada ya siku ile, kwamba kipimo hakianzii kwenye moja. Mwalimu anaweza kuvumilia kulazwa mezani, lakini hawezi kuzikwa kwa hesabu iliyokosewa. Nikasema, "Nsajigwa, anzia kwenye sifuri."

Walioumia wakati wa kutoka waliumia kwa sababu mlango wa duka ni mwembamba. Hilo ni suala la Athuman na fundi wake.

3. Amri ya kurudisha michango haitekelezeki, na inamdhalilisha mkufunzi. Kwetu kitu kilichobebwa kwenda msibani hakirudi ndani ya nyumba kilimotoka, kwa maana kinaweza kurudi na msiba wenyewe. Wewe umezaliwa Kyela, Doreen, unalijua hili. Lakini ulimtuma Lameck, ambaye kwao ni kwingine, azunguke na baiskeli akirudisha mchele. Nilimwona. Kila alipobisha hodi, mlango ulifungwa. Atupele alimwambia kupitia dirisha, "Wewe mtoto, unataka kuniua? Peleka huko huko kwa maiti wenu!" Kisha akamrushia mkungu mwingine wa ndizi, ili kuondoa mkosi wa kutembelewa. Kijana alitoka ofisini na madebe mawili, akarudi na madebe mawili, mkungu wa ndizi na kuku. Kama huko si kuchangisha wananchi, basi sijui mlitufundisha nini.

Sanda nayo Athuman ameikataa. Anasema kitambaa kilichokwisha kumtambua mtu hakirudi rafuni. Nimeitandika kitandani. Ni nzuri, haichuji.

4. Shirika linapoteza fursa. Mfadhili wenu wa nje amewaacha, na mnahangaika kuandaa warsha za namna ya kuishi bila yeye, huku wazee wa wilaya nzima wamekaa majumbani bila kutumika. Napendekeza muwaajiri. Mzee mmoja afariki Mwaya, mwezi unaofuata mwingine Ngonga, kisha Itungi, ili wananchi wasichoke na ili mashamba yapumzike. Kila marehemu apangiwe shauri moja la haki: huyu wa wajane, huyu wa wavuvi, huyu wa watoto waliofukuzwa shule. Aliyefariki asirudie kabla ya mavuno mengine. Wazee wa Ngonga wameniuliza fomu zinapatikana wapi, na mmoja, asiyependa kutajwa, ameshaanza kukohoa.

Lameck alitusisitizia kwamba mchangiaji lazima ashukuriwe, tena mapema. Niambie, mwanangu, ni mchango gani mwingine duniani ambao marehemu mwenyewe hupita nyumba kwa nyumba kusema ndaga fijo? Mimi nilipita. Wengi walinishukuru kutokea juu ya miti.

5. Mmewapendelea waliokufa kweli. Mume wa Tumpale alipofariki, magunia yalijaa uani, na hamkuandikia barua mtu yeyote. Wote tulikula, nami nilikula. Tulipomaliza kula tukanawa mikono, na shamba lake likachukuliwa tukiwa bado tunajikausha. Marehemu yule hakuleta hata mguu wa kuku kwa ajili ya haki ya mkewe. Mimi, ambaye sikufanikiwa kufa, nimeleta mchele, ndizi na kuku. Lakini yeye anaitwa mpendwa wetu, nami naitwa tapeli.

6. Kwa hiyo naomba: mchele ulioko chini ya meza ya Lameck uachiliwe leo, ubadilishwe kwa gari la kuwatoa mashahidi Ngonga Alhamisi asubuhi; mafunzo yangu yarudishwe; na nipewe cheti, chenye muhuri, nikiwa bado naweza kukisoma. Kama cheti hakiwezekani kwa aliye hai, nijulishwe mapema, ili nipange.

Wasalimie wote ofisini, mhasibu na mlinzi wa getini. Mwambie dereva, yule mliyemwachisha kazi pamoja na gari, kwamba namkumbuka. Mwambie Lameck simlaumu. Yeye alisoma kitabuni, na kitabu hakikuwahi kufika Mwaya. Waambie pia kina mama wa usafi kwamba kile kikombe cha bati ni changu.

Wako katika kudai haki, kwa muda uliobaki,

Mwl. Ezroni Mwakatumbula

Nyongeza: Barua hii ilikuwa imeshafungwa, nikaifungua. Jioni hii Athuman amekuja kunijulia hali. Akakaa, akasitasita, akauliza, "Mwalimu, siku ile dukani, hivi ulikuwa unataka nini?" Nikamwambia nilitaka gari la mashahidi wa Tumpale, na kwamba nilimwomba. Akasema hapana. Anasema nilianza na hadithi yangu, nikaanzia kuzaliwa, nikafika mwaka ambao mafuriko yalibeba paa la shule, kisha nikafumba macho. Ombi halikufika.

Nilikataa. Akamwita Atupele, ambaye alikuwa anapita njiani. Atupele amesema kwake pia niliishia kwenye mafuriko. Alidhani nasubiri chakula, ndiyo maana akasema mchele umeisha. Nimetuma watu kuuliza nyumba nyingine. Wote wanayajua yale mafuriko vizuri. Hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia habari ya gari.

"Kwa ajili ya mama wa Ngonga?" Athuman aliniuliza, amekasirika kweli. "Fuso langu limelala hapo nje tangu juzi. Si ungesema tu, Mwalimu?" Atupele amesema atapika yeye, kwa mchele wa nyumbani kwake, ule wa msibani asiuone kabisa. Kisha akaniuliza kwa nini mtu azunguke kijiji kizima na shida ya mwenzake bila kuitaja. Swali hilo nimelinakili nyuma ya bahasha, mimi niliyekuwa mwalimu miaka mingi.

Basi futa namba moja hadi tano. Namba sita, weka kando. Fuso litapita ofisini kwenu Alhamisi alfajiri likielekea Ngonga. Lameck aje, apande nyuma, awashike wazee kwenye mashimo. Mbele nakaa mimi na Tumpale.