Nafasi ya Mkwe Kwenye Hema

Alhamisi, tarehe 12 Juni

Tumefika. Hema! Binti yangu amelipia pesa zote zile tulale kwenye hema, kando ya bahari, na baridi hii. Ndani kuna kitanda kikubwa kuliko chumba changu, bafu, zulia, taa za kila pembe. Lakini ukiegemea ukuta unabonyea. Mara ya mwisho kukaa chini ya turubai ilikuwa kwenye msiba wa baba yake. Sikumwambia. Nilisema pazuri, mwanangu, Mungu akuzidishie.

Kitandani wamemwaga maua. Taulo mbili zimekunjwa kama bata wawili wanaobusiana. Kulikuwa na kadi pia. Binti yangu aliiwahi akaitia mfukoni, ila nilishaisoma, polepole lakini yote. Hongereni kwa miaka kumi ya ndoa. Ndoa ya nani na nani? Mimi na yeye?

Nikauliza mkwe yuko wapi. Eti kazi zimembana, na nafasi ilishalipiwa tangu mwaka jana, isipotee bure. Aliyasema hayo huku anaitazama zipu ya hema. Nimemzaa mimi huyu. Akidanganya kidevu kinamcheza.

Wamegombana. Basi! Nitawapatanisha kabla hatujaondoka. Sikujaliwa mtoto wa kiume. Mkwe ndiye mwanangu. Ndiye anayenipigia kila Ijumaa kuuliza mguu unaendeleaje. Siku hizi hapigi. Nilidhani ni mtandao.

Ijumaa, tarehe 13 Juni

Jana usiku niliumbuka. Napanda kitandani, mguu ukagusa kitu cha moto, laini, kimejilalia zake ndani ya shuka. Nikapiga yowe. Nikakichapa kwa kiatu mpaka kikapasuka. Maji kila mahali! Kumbe ni mfuko wa maji ya moto, wanauweka wageni wasione baridi. Mhudumu wa hema alileta shuka nyingine, akasema nisijali mama, kuna mgeni mmoja aliukimbia mpaka ufukweni, na hakuwa amevaa kitu. Binti yangu akacheka. Kicheko cha kwanza tangu tufike. Katikati kikageuka kilio. Akaingia bafuni akafungulia maji.

Nimeanza kazi. Asubuhi nilipanda kilima cha mchanga, ndiko simu inashika. Mguu wangu unajua. Nikampigia mkwe nikamwambia mkeo mgonjwa, hali chakula, anakuita wewe tu. La kutokula ni kweli. Hayo mengine Mungu atanisamehe.

Akauliza, "Mama, amekuambia?"

Nikajibu ameniambia yote, wewe njoo. Ningejibuje? Anakuja kesho.

Jioni tumewekewa meza ya watu wawili mchangani, mishumaa, keki. Wahudumu wakaja wanaimba kwa ajili ya maharusi, wakaniona, wakaendelea kuimba kwa sauti ya chini. Nikazima mshumaa mimi. Binti yangu akasema kuna kitu anataka kuniambia. Nikamwambia kula kwanza. Akaanza tena, nikamsifia nywele. Akaanza tena, nikajifanya nimepaliwa. Maneno mazito si ya kunimwagia mimi, ayaweke, mwenyewe yuko njiani. Mwishowe akabaki anabomoabomoa keki kwa uma.

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Mkwe amefika mchana, vumbi mpaka kwenye nyusi. Amekonda. Akamkuta mgonjwa amesimama mlangoni anaanika kanga. Wote wawili wakanigeukia mimi. Nikasema tumbo limenikata, nikakimbilia bafuni.

Ukuta wa turubai haufichi kitu. Nilingoja wafokeane. Wanaofokeana bado wanatakana. Hawakufokeana. Waliongea kwa adabu, kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki. Mkwe alimuuliza kama kitasa cha mlango wa nyuma kimetengenezwa. Akajibiwa ndiyo, ahsante. Kisha binti yangu akauliza mimba ina miezi mingapi sasa. Akasema mitano. Binti yangu akasema amwambie huyo mwenzake ajitunze na baridi.

Nikakaa kwenye ukingo wa bafu.

Baadaye mkwe akaniita, toka tu mama. Nikatoka. Akaniamkia, kichwa chini. Akasema waliachana tangu Januari, na binti yangu alitaka kuniambia kwa kinywa chake, mahali pasipo na majirani, ndiyo maana akanileta huku. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia. Nikamuuliza sasa ni nani atanipigia Ijumaa. Akafunika uso kwa mkono, akatoka nje.

Binti yangu hakunigombeza. Angenigombeza ningepata nafuu.

"Siku mbili nakutafuta tuongee, mama," akasema. "Nilitaka uketi nami tu."

Nikaketi. Akaweka kichwa mapajani pangu, mtu mzima na kazi yake ya ofisini, akalia mpaka gauni langu likalowa. Mhudumu alikuja kutandika, akatuona, akarudi kinyumenyume.

Jumapili, tarehe 15 Juni

Nimeapa. Nimemwambia binti yangu mimi sasa basi, mambo ya watu wazima nimewaachia watu wazima. Akanibusu mkono. Nilimaanisha kabisa.

Mkwe alilala chumba cha madereva. Leo baada ya chai alikuja kuniaga. Akabeba begi langu mpaka kwenye gari la kambi bila kuambiwa, na tena akalipanga upande usiopigwa na jua. Mtu wa namna hiyo unamwachaje?

Akaenda kuagana na binti yangu pale mapokezi. Wamepeana mikono. Mikono! Gari la mkwe lilikuwa wazi. Miwani ya binti yangu ilikuwa mezani, na bila miwani haoni hata namba kwenye simu. Nikaifunga vizuri kwenye leso isikwaruzike. Nikaiweka chini ya koti la mkwe, kiti cha mbele cha gari lake.

Sasa tuko njiani. Binti yangu amemwaga pochi yote mapajani, anapapasa. Ameniuliza kama nimeiona. Nimemwambia atulie, mwanangu, aliyeiokota ataileta mwenyewe, kwa mkono wake.