Kiingereza kwa Mikono na Miguu

Jumapili, tarehe 12 Januari

Leo nimeteuliwa. Hilo neno ni langu. Dada yangu alitumia maneno mengine. Alisema kwa kuwa nakula kwake bure, na nalala chumba cha nyuma mpaka jua linanitoa kitandani, basi nimfundishe binti yake kusoma Kiingereza. Jumamosi mtoto anakwenda kwenye usaili katika ile shule ya ghorofa iliyo juu ya kilima. Akisoma vizuri, anaingia darasa la kwanza nami nabaki na chumba changu. Asiposoma, chumba anapewa mama mkwe wa dada, ambaye amekimezea mate muda mrefu, nami nitajua pa kwenda.

Mtoto mwenyewe tunamwita Kidoti. Ana miaka sita na maswali mengi. Ndiye mtu pekee nyumbani humu anayeniuliza kitu halafu akasubiri jibu. Nampenda sana, basi tu siwezi kumwambia, atavimba kichwa.

Dada akadokeza kwamba jirani yetu, Bi Chaki, amejitolea kumfundisha barazani kwake. Nikakataa katakata. Bi Chaki ni mwalimu mstaafu mwenye ubao, fimbo ya kuonyeshea herufi na watoto wa mtaa mzima. Alimfundisha shemeji yangu pia, na shemeji tunamwona alivyo. Hilo sikulisema kwa sauti, maana shemeji alikuwa anakula nasi.

Jumatatu, tarehe 13 Januari

Mbinu imezaliwa! Nimeipata bafuni nikijisugua mgongo.

Ni hivi. Herufi za kwetu ni aminifu. A ni a, asubuhi mpaka jioni. Herufi za Kiingereza ni vigeugeu: a hii hii inaamka na sauti moja, inalala na nyingine. Akili peke yake haiwezi. Lazima mwili usaidie. Kwa hiyo kila sauti nimeipa kitendo chake. S ni nyoka: mkono unatambaa hewani. M ni tumbo lililoshiba: unalisugua. K ni kuku: unapigapiga mabawa. O ni mtu aliyefunga goli: mikono juu. P ni mshumaa: unaupuliza. T ni mtu aliyekanyaga msumari: unaruka mguu mmoja.

Tulifanya mazoezi sebuleni mpaka picha ya harusi ya dada ikadondoka ukutani. Dada akaingia akauliza kitabu kiko wapi. Nikamweleza kwamba kitabu ni hatua ya mbele sana. Akaokota picha.

Kidoti aliuliza kama mikono ikichoka mtu anasomaje. Nikamwambia msomaji wa kweli hachoki.

Jumanne, tarehe 14 Januari

Leo tumeingia kwenye herufi zinazokwenda pamoja. S na h ni mke na mume: kila mmoja peke yake ana kelele zake, wakikaa pamoja wanamnyamazisha mtu. Kitendo: kidole mdomoni. Halafu ile e ya mwisho wa neno, ambayo haitamkwi lakini inaharibu kila kitu. Neno "kit" limekaa zake raha mustarehe. Ije e iketi mwishoni, linageuka "kite," sauti nyingine kabisa. Nikamwambia Kidoti kwamba e hiyo ni mama mkwe. Amekaa kimya pale pembeni, hasemi neno, lakini wote waliomo ndani wamebadilisha sauti. Kitendo: kukunja mikono na kutazama dari. Kidoti alielewa papo hapo. Mfano mzuri ni nusu ya ualimu.

Mchana alitoka kucheza, akarudi sketi yake imejaa vumbi jeupe. Alisema alikuwa kwa jirani, wanacheza. Nikamkanya asisogelee ile baraza yenye ubao. Akaitikia ndiyo, Mjomba, kwa adabu zote. Mtoto msikivu.

Jioni nikaandika "ship" kwenye karatasi. Kabla sijainua hata mkono, ameshalisoma! Mbinu inafanya kazi kwa kasi ambayo mimi mwenyewe sikuitarajia. Ila nilimrudisha mwanzo alifanye kwa vitendo, asije akazoea njia za mkato.

Jumatano, tarehe 15 Januari

Siku mbaya, lakini kwa sayansi ni siku nzuri.

Mama mkwe wa dada alikuja kutusalimia, na kusema kweli alikuja kupima madirisha ya chumba changu kwa ajili ya mapazia. Alikaa kwenye kochi la pembeni. Kidoti akamwamkia, akampa maji, kisha akamtangazia kwa furaha kwamba Bibi ndiye e. Bibi akauliza e gani. Kidoti akamweleza, neno kwa neno, bila kuacha hata dari. Mtoto ana kumbukumbu ya ajabu.

Mama mkwe hakusema neno. Shemeji akaanza kumkaribisha chai kwa kisauti chembamba ambacho sijawahi kumsikia nacho, na dada naye akaitikia kwa sauti ya kanisani. Yaani nadharia yangu imethibitishwa mbele ya mashahidi! Sikuweza kujizuia, nikamkonyeza Kidoti.

Nimekula chakula cha jioni jikoni, peke yangu. Dada amesema kupitia mlangoni kwamba Jumamosi haiko mbali.

Alhamisi, tarehe 16 Januari

Nimekwenda kumpeleleza Bi Chaki. Mshindani lazima ujue anachokipika. Nilijibanza nyuma ya mashuka aliyoanika, kwa ustadi mkubwa, isipokuwa miguu.

Bi Chaki akaniita kwa sauti ileile ya darasani, sauti ambayo magoti yanaitii kabla ya kichwa. Akasema aliyechelewa akae benchi la mbele. Benchi lenyewe ni la watoto. Magoti yangu yalikuwa karibu na masikio. Nilitaka kumweleza kwamba nimekuja kwa shughuli nyingine, lakini tayari alikuwa amenipa kalamu na kunirekebisha ninavyoishika. Nikaandika maneno yenye sh. Nikaandika yenye e ya mwisho. Mtoto mmoja aliyeng'oka meno ya mbele alinichungulia akaniambia moja nimekosea.

Njia zake ni za kizamani mno. Anatamka sauti, anaandika herufi, watoto wanasoma, wanarudia kesho yake. Basi! Hakuna anayeruka wala kutambaa. Nilimhurumia.

Kwenye benchi la nyuma kulikuwa na mtoto aliyejifunika uso kwa kitabu muda wote, mwenye sketi kama ya Kidoti. Sketi hizo zinauzwa kila duka.

Bi Chaki alinipa alama ya vyema kwenye daftari. Niliondoka bila kuaga. Karatasi yenyewe nimeichomoa nikaiweka chini ya godoro, si kwa sababu yoyote.

Ijumaa, tarehe 17 Januari

Kidoti hakula. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi za uani, ameshika viatu vyake vipya. Akaniambia anaogopa. Anaogopa kwamba akikosea, mimi nitafukuzwa na ataniona sikukuu kwa sikukuu tu. Kumbe alisikia yote tangu siku ile. Roho iliniuma. Nikakaa naye pale, na kwa dakika nzima sikuwa na mpango wowote.

Halafu ukaja! Nilipanda mpaka shuleni nikajifanya mzazi anayetafuta nafasi. Chumba cha usaili kiko chini, dirisha kubwa linatazama bustani, na chini ya dirisha kuna kichaka cha maua kinachomtosha mtu mzima. Mwalimu mkuu anakaa amelipa dirisha mgongo. Mtoto anakaa amelielekea. Nikisimama kwenye maua naona kadi zote juu ya bega lake, na Kidoti ananiona mimi. Hata wangenijengea mimi shule wasingeijenga vizuri hivyo.

Nimemwambia Kidoti: usiangalie kadi, tazama mikono ya Mjomba. Akauliza kama ni lazima. Nikamwambia ni lazima. Akacheka, akala ndizi mbili.

Jumamosi, tarehe 18 Januari

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umevimba.

Tulianza vizuri. Kidoti akaingia, akakaa, dada kwenye kiti cha ukutani. Kadi ya kwanza ikawa "ship." Nikaweka kidole mdomoni, nikaendelea na mengine, Kidoti akalisoma kwa sauti ya kengele. Mwalimu mkuu akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilikuwa na raha ambayo sijawahi kuipata katika kazi yoyote, nami nimefanya kazi nyingi, kwa vipindi vifupi.

Kadi ya pili ilikuwa jina la paka, "cat." Herufi nyepesi kabisa. Ndipo nyigu wakatoka kwenye maua.

Wa kwanza alinijia usoni, nikampuliza. Wa pili na wa tatu nikawapiga kwa viwiko. Mmoja akaingia ndani ya shati, nikajisugua tumbo. Nikainua mikono juu. Nikaruka mguu mmoja. Na Kidoti, mtoto wa watu, macho kwangu kama nilivyomwagiza, akavisoma vyote. P, k, k, m, o, t! Hakukosea hata sauti moja. Mwalimu mkuu akageuza kadi, akaitazama mbele na nyuma. Kisha nikapiga yowe ambalo halimo kwenye mbinu, na Kidoti akalisoma nalo.

Mwalimu mkuu akageuka. Sidhani kama aliona kitu zaidi ya maua na miguu, maana kichwa kilikuwa kimeshazama. Akavuta pazia.

Nilidhani yamekwisha. Chumba kimekwenda, mtoto kakosa shule, na kosa ni langu, sina wa kumsingizia. Nililala pale kwenye maua nikatamani nyigu wamalizie kazi.

Ndipo nikamsikia. Nyuma ya pazia, taratibu, neno moja, la pili, kisha sentensi, kisha ukurasa mzima. Maneno yenye sh, yenye e ya mwisho, yote. Hakuna kiti kilicholia, kwa hiyo hakuwa anaruka. Alikuwa amekaa kitako anasoma, kama Bi Chaki anavyotaka wasome. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, na papo hapo kitu kikanichoma kuliko nyigu wote: mtoto huyu hanihitaji.

Nilikuwa bado nalifikiria hilo mlinzi aliponishika ukosi wa shati. Tulipofika getini nilikuwa nimeshapata maelezo. Pazia lilipofungwa, vitendo viliingia ndani ya kichwa chake. Ndiyo kilele cha mbinu! Mlinzi hakuonyesha kushawishika.

Jumapili, tarehe 19 Januari

Kidoti amechaguliwa! Nyumba nzima ilipiga vigelegele, nami kwa mdomo uliovimba nikatoa kitu cha kufanana.

Kisha baraza la familia likakaa. Dada akasimulia kwamba mwalimu mkuu alimuuliza mtoto nani kamfundisha. Kidoti akajibu kwamba Bi Chaki alimfundisha kusoma na Mjomba alimfundisha kucheza. Amekuwa akienda kwa Bi Chaki kila mchana. Dada alijua. Shemeji alijua. Hata mama mkwe alijua! Nikasema nami nilikuwa najua, nikawaacha tu.

Dada akasema kwa ile aibu ya dirishani nifungashe. Mama mkwe akatoa futi ya kupimia mapazia. Hapo Kidoti akainuka, akaenda kuchukua mto na shuka lake, akavitandika barazani. Akasema ahadi ilikuwa akisoma Mjomba anabaki, naye amesoma. Mjomba akilala nje, naye atalala hapo. Kisha akalala kweli, na viatu.

Mchana kutwa walimbembeleza. Soda hakutaka. Biskuti hakutaka. Mwisho dada akanijia akifuta macho, akaniambia chumba ni changu, kwa sharti moja: nisikanyage kamwe ile shule. Nikaapa. Niliapa kwa moyo wote, nikiwa nimemshika mkono mpwa wangu.

Jumatatu, tarehe 20 Januari

Siku ya kwanza ya shule. Sare inamfunika mpaka magotini, begi linamfunika kilichobaki. Mlangoni Kidoti alinivuta shati akaninong'oneza akiuliza kama nitakuwepo dirishani. Nikamwambia nimekatazwa. Akasema sawa, ataweza, ila angependa tu kuniona. Akaondoka na baba yake bila kugeuka nyuma.

Mtu mwenye moyo angefanya nini?

Nimetafakari kiapo changu kwa makini. Nilikatazwa kuikanyaga shule. Barabara ya nyuma ya uzio si shule, na anayesimama kwenye ngazi hakanyagi chochote ila ngazi. Nimekwenda kukagua. Dirisha la darasa la kwanza linatazama huko huko, na chini ya uzio kuna mchanga mtupu. Hakuna ua hata moja! Kosa la Jumamosi lilikuwa la mtunza bustani, mbinu haikuwa na doa.

Na mle darasani wamo watoto wengine arobaini, wamekaa kitako, wanasoma kwa macho matupu. Hawajawahi kuona hata nyoka. Wanatia huruma.

Fundi rangi wa mtaa wa pili amekubali kuniazima ngazi. Tunaanza kesho, kipindi cha kwanza.