Nyuki Wasio na Mwenyekiti

Wewe, huko uliko umeota mizizi? Umekaa weee, mpaka majirani nimeanza kuwaambia mjukuu wangu ameoana na kazi. Haya, kwa kuwa hukuwepo, hukumwona Bwana Mkurugenzi wa Bustani na Wadudu alipokuja kuhutubia nyuma ya jiko langu. Unapajua pale chini ya ukuta, pale nisipolima wala nisipofagia, kwa sababu wale nyuki wadogo wa kijivu wametoboa vitundu vyao: kila mama na tundu lake, hana mzinga wala shoga, anataga humo, anamwekea mtoto chakula, anaziba mlango kwa udongo, anakwenda zake. Hapo hapo ndipo bwana huyo alipotaka kumwaga saruji. Mifuko imeshapangwa, fundi mwashi kasimama na mwiko. Nikaleta kigoda, nikakaa kati ya mwiko na vitundu, nikakunja mikono. Yeye akapanda juu ya kreti tupu la soda, akafungulia. Nakupa hotuba yote, sikupunguzii kitu.

“Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, Mheshimiwa Makamu wa Mwenyekiti huyo, Waheshimiwa Wajumbe mliofika na mlioomba udhuru, Bwana Mpiga Picha, Bwana Dereva wangu, wazee kwa vijana, wadudu wa ngazi zote, na wewe bibi mwenye nyumba uliyekaa hapo mbele, itifaki imezingatiwa! (Imezingatiwa wapi? Kwangu mwenyewe nimetajwa nyuma ya wadudu.)

“Ndugu wananchi, utafiti wa kina uliofanywa na ofisi yangu kupitia dirisha la gari umebaini kwamba asilimia mia moja na nne ya nyuki wa eneo hili wanaishi kiholela, yaani kila mmoja kivyake, bila malkia, bila mzinga, bila katibu, jambo ambalo linakwamisha uratibu, linavuruga takwimu na kumfanya stekholda wa maendeleo ashindwe kujua amkabidhi nani barua. Sisi hatuwezi kumhudumia nyuki mmoja mmoja! Kwa hiyo nimeelekeza, na ninarudia, nimeelekeza, nyuki wote wajiunge katika vikundi, kila kikundi kichague mwenyekiti na malkia, na malkia hao wahudhurie semina elekezi. (Jirani yangu mshonaji, unamjua mdomo wake, akauliza, ‘Na posho ya semina atakula malkia au utamlia wewe?’ Watu wakacheka. Dereva wake akapiga makofi, kadhani ndipo pa kupiga.)

“Asante mama kwa mchango wako mzuri. Mimi binafsi, nilipokuwa mtoto, nyuki alinichoma hapa juu ya jicho, na nilikuwa na uwezo wa kulipiza kisasi, lakini nilisamehe, na msamaha ule ndio unaoitwa leo uongozi. (Dereva, makofi.) Chini ya uongozi huo, asali itatiririka kutoka ukuta huu mpaka ng’ambo, itafungashwa kidijitali, itauzwa kimataifa! (Nikamwambia, ‘Mwanangu, hawa hawana asali hata ya kupaka ulimi. Kazi yao ni kwenye maua ya maboga. Ukiwaua, mboga yangu itabaki maua tu, na wajukuu zangu hawali maua.’ Akasema maoni yangu yamepokelewa. Sikuona alikoyaweka.)

“Aidha, kwa kuwa udongo mtupu ni aibu kwa bustani ya mfano, eneo hili litasakafiwa lote, ukuta hadi jiko, ili nyuki wapate makazi bora yasiyo na vumbi, na wageni wetu wasichafue viatu. (Hapo nilisimama. ‘Nenda kasakafie mlango wako wanao wakiwa ndani! Humu chini mna watoto!’ Baba yako mdogo akanivuta mkono, ‘Mama, keti, utatuaibisha.’ Nikamwambia, ‘Ungekuwa wewe umo humo chini, ningeketi?’ Akaniachia.)

“Nimemsikia bibi, na namhakikishia kwamba suala la watoto limo kwenye fremuweki ya mpango wa awamu ya nne. Kwa sasa nafunua rasmi Hoteli ya Nyuki! (Akavuta kitambaa. Kabati. Kabati jipya la vyombo, linanukia vanishi. Mshonaji akauliza, ‘Mbona halina tundu hata moja?’)

“Matundu yako kwenye mchakato. Sasa tuseme pamoja! Nyuki? Nasema nyuki? (Dereva: ‘Kwenye vikundi!’) Upweke? (Dereva: ‘Ziiii!’) Maendeleo? (Dereva alikuwa anakohoa.)

“Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru Bwana Mpiga Picha, ambaye kwa kweli ndiye mradi wenyewe, maana taarifa ya mafanikio niliiwasilisha kabla sijaja, ilibaki picha tu. Namshukuru seremala kwa kutuazima kabati, na mteja wake kwa kuvumilia. Namshukuru mwenye duka la vifaa kwa mifuko hii ya saruji, ambayo ndani imejaa maranda. Namshukuru huyu aliyeshika mwiko, ambaye ni kinyozi wangu. Haya, pakieni kila kitu upesi, tunazindua mradi huu huu mtaa wa pili kabla jua halijawa kali. Asanteni sana kwa ushirikiano.”

Wakapakia, wakaondoka, kinyozi kakaa juu ya mifuko. Mimi nimebaki nimesimama. Maisha yangu yote nimechukia waongo, lakini nakuambia, bwana yule angekuwa mkweli hata nusu, wale watoto wangekuwa chini ya sakafu.

Sasa sikiliza. Wanakaribia kutoka, nimeona udongo wa mlango mmoja umepasuka. Ukija, usije na mabuti yako kupitia mbele. Zungukia upande wa kamba ya nguo, vua viatu, chuchumaa kando yangu, ufunge mdomo mpaka wa kwanza atoe kichwa. Na uje wiki hii, siyo ukipata nafasi.