Chaguo la Kwanza la Mjukuu Wangu

Jumatatu, 3 Juni
Haya nayasemea simu yangu, mjukuu kanionyesha pa kubonyeza. Yeye anajaza fomu ya vyuo vikuu kwenye simu yake. Chaguo la kwanza mpaka la tano. Nimemwambia ni cha hapa mjini, basi. Sakafu ya ukumbi wao niliiweka mimi, vigae elfu nne, hakuna hata kimoja kilichocheza. Akasema babu, watu hawachagui chuo kwa vigae. Wanachagua kwa nini? Kozi, anasema. Jina la chuo. Wenzao wanakwenda wapi. Upuuzi mtupu.

Jumatano, 5 Juni
Karani kaja. Ni babu yake kwa upande wa mama, mstaafu wa ofisi, anajiona kasoma kuliko wote. Kaleta kijitabu cha chuo cha mbali, siku mbili kwa basi. Majengo ya vioo vitupu. Mjukuu kakitazama sana. Nami nikakichukua nikitazame. Karani akaniambia mzee mwenzangu, umekishika kichwa chini. Wakacheka wote wawili.
Akiondoka huyu, nabaki na nani humu ndani? Hilo sikulisema.

Ijumaa, 7 Juni
Kazi nimeimaliza. Namba ya siri ya fomu mjukuu kaiandika nyuma ya daftari lake. Nikaenda nalo duka la fotokopi, maana kesho wanafunga maombi. Kwa alivyokitazama kile kijitabu, cha mbali ndicho cha kwanza, cha hapa cha mwisho. Nikamwambia binti wa pale cha kwanza akishushe mwisho, cha mwisho akipandishe juu. Akanigeuzia kompyuta nisome kwanza. Herufi ndogo kama chawa, na nyuma yangu foleni ya watu. Nikatazama kisomi. Nikasema sawasawa, tuma.

Jumatatu, 8 Julai
Majibu yametoka. Cha mbali. Mjukuu kakaa sakafuni, analia. Anasema cha hapa ndicho alichokiweka cha kwanza. Cha mbali alikiweka mwisho, kujaza nafasi tu. Nikamuuliza mbona hukuniambia. Akasema alitaka kunishtukiza. Eti angeniacha na nani.
Akauliza nani kagusa fomu. Nikasema Karani nilimwona na daftari lako.

Jumamosi, 24 Agosti
Basi limeondoka asubuhi. Karani hakuja kuaga, mjukuu hamsemeshi tangu siku ile. Afadhali. Nimerudi, nimepika chai ya watu wawili, nimekunywa yote.
Bado yupo mdogo wa mjukuu, analelewa kwa Karani. Anamaliza shule mwakani. Kosa lilikuwa la binti wa fotokopi, hajui kazi. Mwakani nitabonyeza mwenyewe.