Kikombe cha Nne

Jumatano, tarehe 6 Mei

Shajara yangu, niwie radhi. Tangu Februari sijakuandikia hata mstari mmoja. Ni aibu ya lile jambo la jibini, ambalo sitalieleza, kwa kuwa mimi na wewe tunalifahamu. Sasa nina habari.

Shule zote za wilaya yetu zitanunua maziwa ya chokoleti kutoka kiwanda kimoja kidogo, mwaka mzima. Viwanda vitano vimeomba. Maziwa yataonjwa Jumamosi ya tarehe 16, katika ukumbi ulio chini ya kanisa letu hapa Skogdal, kwenye vikombe vyenye namba tu. Waonjaji ni watatu: Bi Ardis Zastrow, aliyekuwa mkaguzi wa maziwa kwa miaka thelathini; Kasisi Lund; na mimi, Verlyn Skaar, mwalimu mstaafu, mwenye ulimi unaoheshimika Wisconsin magharibi yote. Ardis husema unaheshimika na mwenyewe tu. Ni wivu.

Miongoni mwa wenye viwanda hivyo yumo Karna, binti wa marehemu mdogo wangu. Ana ng'ombe ishirini na wawili. Asipopata zabuni hiyo ya shule, atawauza wote kabla ya theluji. Aliniambia hayo akiosha chupa, bila kulia. Akaongeza: "Na wewe, baba mkubwa, nakuomba sana, usinisaidie."

Nimelitafakari ombi hilo. Ni unyenyekevu tu.

Jumamosi, tarehe 9 Mei

Mazoezi. Nimenunua chupa za viwanda vyote vitano. Mpango wangu ni mwepesi: nikikijua kikombe cha Karna, nitakipa kumi kwa kumi. Hakuna kanuni inayonizuia. Hapa kila mtu ni ndugu wa mtu. Tungewazuia ndugu, mwonjaji angebaki mbwa wa kasisi.

Maziwa hayaonjwi yakiwa ya barafu. Baridi huficha makosa. Unayaacha nusu saa, unavuta harufu, unayazungusha mdomoni, unayatema ndooni. Kumeza ni kazi ya watoto.

Ya Gaylord Buchholz, jirani wa Karna: mazito kama mchuzi uliolala. Ya tatu: sukari, kisha sukari. Mwenye kiwanda cha nne anatengeneza na ya stroberi. Nikayaonja kwa ajili ya haki. Yananuka sabuni ya nywele. Ya tano yana kahawa ndani, jambo ambalo hakuna aliyemwomba. Ya Karna: mepesi, kakao mbele, utamu nyuma, na mwishoni chembe ya chumvi, kama mtu anayekohoa kwa adabu chumba cha pili. Huwezi kuyakosea.

Nikajifunga tai machoni nikajaribu mara tano. Mara nne nilisema ya Karna ni ya Buchholz. Mara ya tano nilionja maji ya kusuuzia nikasema ni ya Karna.

Tatizo si ulimi. Viwanda vinaigana. Inatakiwa alama ya kuyatambulia.

Jumanne, tarehe 12 Mei

Nimekutana na Ardis posta. Akauliza, mbele ya watu, kama siku hizi bado naonja au nakisia. "Maana mwaka jana, Mwalimu, uliisifu siagi ukaja kuambiwa ni mafuta ya mahindi." Nilimjibu kwamba niliisifu rangi yake. Watu walicheka. Nadhani walimcheka yeye.

Nikarudi kwa njia ya msitu ulio kati ya shamba la Karna na la Buchholz ili nitulie. Na huko nikaiona alama yangu. Vitunguu pori, vimetanda chini ya miti kama zulia. Kila mtoto wa hapa anajua: ng'ombe akivila asubuhi, jioni maziwa yanasimulia kwa harufu. Wafugaji wote hulifunga geti la msituni mwezi mzima wa Mei.

Lakini wakila kidogo tu? Robo saa? Chini ya chokoleti, nani atatambua? Ulimi mmoja tu.

Alhamisi, tarehe 14 Mei

Saa mbili asubuhi, Karna alipokwenda mjini, nilifungua geti, ng'ombe wake wakaingia msituni. Robo saa kwa saa yangu ya mkononi.

Ng'ombe hawana saa. Baada ya robo ya kwanza hawakutaka kutoka. Baada ya robo ya pili nilianza kuwafukuza kwa mwavuli. Baada ya saa nzima nilianza kuwaomba. Mmoja, mwekundu, mwenye macho ya Ardis, alipita katikati ya uzio wa Buchholz akaangusha nguzo tatu, akatazama huku na huko, akarudi kula. Geti nililifunga saa tano. Uzio niliuacha. Uzio wa jirani ni wa jirani.

Karna alirudi akaniona nina matope hadi magotini. Akauliza nani aliliacha geti wazi. Nilisema liliachwa wazi. Kauli ya kutendwa ni kauli ya heshima. Kisha nikamweleza umuhimu wa kufunga mageti, nikitoa mifano, mpaka akaniomba niende nikapumzike.

Ijumaa, tarehe 15 Mei

Nimepita kwa Karna kumtia moyo. Nilimkuta akiwamwagia nguruwe maziwa, ndoo baada ya ndoo. Nikamsifu kwa ukarimu wake kwa wanyama. Alinitazama kwa muda mrefu. Ni wasiwasi wa mashindano.

Buchholz alikuwa barabarani akipakia chupa zake. Anajigamba: wengine wamepeleka maziwa yaliyotiwa chupani Jumatano, yake ni ya asubuhi ya leo. Maskini. Hajui anashindana na nani.

Jumamosi, tarehe 16 Mei

Ukumbi ulijaa. Kahawa, viazi vya kuokwa, jibini bichi linalolia menoni likitafunwa. Vikombe vitano mbele ya kila mwonjaji.

Cha kwanza, hapana. Cha pili kilikuwa na chumvi fulani mwishoni, sikubabaika nayo. Cha tatu, hapana. Cha nne! Kitunguu, chini kabisa ya kakao, kama mpangaji aliyejificha asilipe kodi. Nilitaka kulia.

Ardis alikionja akafumba macho. Akasema polepole: "Haya ni tofauti." Kasisi Lund akanywa maji mara mbili, akasema ndiyo, ni tofauti kabisa. Kwetu chakula kizuri husifiwa kwa kusema si mbaya. Tofauti husemwa juu ya chakula ambacho jogoo amekikataa. Lakini hao wawili hawakujua walichokionja. Mimi nilijua.

Niliandika kumi. Pembeni nikaongeza: pumzi ya msitu. Na kwa kuwa mpango mzuri hauachi mlango wazi, vikombe vingine vyote niliviandikia moja.

Alama zikasomwa kwa sauti. Sasa, Skogdal hakuna ampaye jirani yake chini ya tano. Hata jibini lililomlaza kasisi hospitalini lilipewa tano. Moja zangu nne ziliposomwa, ukumbi mzima uliacha kutafuna.

Kikombe cha pili: tisa, tisa, moja. Kumi na tisa. Cha nne: tano, tano, kumi. Ishirini. Mshindi, kikombe cha nne.

Nilikuwa nimeshasimama kumpongeza Karna liliposomwa jina. Gaylord Buchholz. Yeye mwenyewe aliuliza kama kuna makosa.

Kikombe cha pili kilikuwa cha Karna.

Jumapili, tarehe 17 Mei

Karna amekuja baada ya ibada. Hakukaa. Maziwa ya Alhamisi jioni na Ijumaa yalinuka kitunguu. Yote aliwapa nguruwe. Bahati yake, chupa za mashindano alizijaza Jumatano. Na ng'ombe wa Buchholz walipita penye nguzo zilizoanguka, wakashiba vitunguu.

Alisema tu, "Sikuulizi, baba mkubwa. Nikikuuliza utanijibu." Kisha akatoa barua. Ni ya Ardis kwa bodi ya shule. Anaomba alama zangu zifutwe, kwa kuwa ulimi wangu umechoka. Zikifutwa, Karna ana kumi na nane na Buchholz kumi. Bodi imesema itakubali ikiwa nami nitatia sahihi.

"Andika tu ulikuwa na mafua," Karna alisema. "Maneno matatu, basi. Ng'ombe wanabaki."

Nilimweleza kwa upole kwamba sijapata kuwa na mafua mwezi wa Mei, na kwamba sikulelewa kusema uongo.

Aliiacha barua mezani akaondoka.

Jumatatu, tarehe 18 Mei

Sikulala vizuri. Karna ndiye damu pekee niliyobaki nayo, na lazima apate shule. Hilo sina shaka nalo. Lakini apate kwa heshima, si kwa kuzika ulimi wangu.

Kwa hiyo nimeiandikia bodi mwenyewe. Kurasa sita. Nimetetea alama zangu zote, moja baada ya nyingine, na pembeni mwa barua ya Ardis nimesahihisha makosa kumi na mawili ya uandishi. Mwishoni nimependekeza maziwa ya mshindi yaonjwe tena mbele ya bodi, yakiwa ya siku hiyohiyo. Hapo Buchholz ataumbuka. Nimepita msituni leo asubuhi kuhakikisha: vitunguu vingali vibichi, nguzo bado ziko chini, na ng'ombe wake ni watiifu kuliko wa Karna. Robo saa itatosha. Safari hii nitachukua na kengele ya kuwaita watoke.

Barua nimeipeleka posta. Bodi inakutana tarehe 9 Juni. Kalamu naiweka chini mpaka watakapokata shauri. Siku hiyo nitakuandikia: kwa wino mweusi nikishinda, na kwa wino uleule nikionewa.