Mwiko Wangu na Makopo ya Anna

Jumatatu, 2 Agosti 1971

Siku imeharibika saa saba mchana. Mwanangu Stefano amerudi kutoka bandarini na boksi begani. Makopo ya samaki. Jodari, eti, kapikwa hukohuko kiwandani, katiwa mafuta, kafungiwa. Makopo yalibonyea melini, kwa hiyo wafanyakazi wameuziwa kwa bei ya kutupa. Nikamuuliza kama bahari ya Mtwara imekauka. Akacheka. Sikuwa natania.

Miezi mitatu tangu niteremke kwenye basi la Newala, mwiko wa nyumba hii uko mkononi mwangu. Nilikuja kusalimia tu. Nikaona mkewe Anna anavyopika, nikabaki. Leo Anna akaniambia kwa upole nipumzike, yeye atapika. Nikapumzika. Kosa kubwa.

Alikaanga kitunguu kwa mafuta yaleyale ya kwenye kopo. Hakununua hata tone. Akatia nyanya, pilipili hoho, samaki mwisho kabisa, akaepua, akakamua ndimu. Sikuwa nimemaliza hata kumsuka mjukuu wangu Modesta. Stefano akafuta sahani kwa tonge la mwisho la ugali, akasema, Mama Modesta, leo umepika.

Leo umepika! Mimi tangu nije hajaniambia hivyo hata siku moja. Naona wivu. Nimeandika, basi.

Kuna zito zaidi. Jumapili Bwana Elia, mkubwa wake kazini, anakuja kula hapa na mke wake. Stefano anautaka usimamizi wa ghala. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitapika. Akasema tutaona. Tutaona nini? Nani alimpikia hadi akaota ndevu? Nisipopika Jumapili, nakaa hapa kwa kazi gani? Watanikatia tiketi ya basi na kunifungia mihogo ya njiani.

Jumanne, 3 Agosti

Nimepata akili. Kopo bila kifungulio ni chuma tu. Asubuhi nilikichukua kifungulio nikakifukia kwenye debe la unga, chini kabisa. Nikakaa kibarazani kuchambua mchele, roho kwatu.

Anna alitafuta. Akauliza kama nimekiona. Nikamwambia macho yangu siku hizi hayaoni mbali. Akaenda zake kwa jirani, nikajua kaenda kulia. Kumbe kaenda kuazima nyundo. Stefano aliporudi akafungua kopo kwa bisu na nyundo, watoto wakapiga makofi kama wameona mazingaombwe. Anna akaponda viazi, akachanganya na samaki, akafinyanga katlesi. Kopo moja limeshibisha watu watano, na katlesi moja ikabaki ya kumpelekea mwalimu wa Modesta.

Jioni Anna akachota unga wa ugali akatoka na kifungulio. Akanitazama. Nikasema panya wa Mtwara ni wakubwa sana. Akasema ndiyo Mama, akakifuta, akakitundika msumarini. Hakunisema kwa mumewe. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Mtu asiyekusema anakuweka akiba.

Jumatano, 4 Agosti

Nimeacha ujanja. Nimeamua kushinda kwa mikono. Kisamvu!

Nimechuma mwenyewe, nimetwanga mwenyewe, nimechemsha tangu watoto wanaenda shule hadi wanarudi. Karanga nimezikaanga na kuzisaga, nazi nimeikuna nikiwa nimekaa kwenye mbuzi mpaka kiuno kikagoma. Chakula kilinukia hadi barabarani. Mpita njia mmoja alisimama akasalimia mara mbili.

Mezani Modesta akauliza samaki wa kopo yuko wapi. Mtoto wa miaka sita! Stefano alikula, sikatai, alikula sahani mbili. Lakini sahani ya pili akaongezea juu jodari aliyebaki jana. Juu ya kisamvu changu. Nikamuuliza kama kina kasoro. Akasema hapana Mama, vinapatana. Vinapatana! Nimekwenda kulala na kiuno changu.

Alhamisi, 5 Agosti

Jirani yetu upande wa mkorosho ni Bi Mwanakombo. Mumewe na mashemeji zake wanavua Msimbati. Huyu mama amekula samaki tangu hajaota meno, akimwangalia jicho tu anajua kavuliwa lini. Usiku nimewaza: mtu kama huyu akiletewa samaki wa kopo atafanya nini? Atacheka. Atawaita wenzake wacheke. Mtaa mzima utajua Anna anamlisha mume wake samaki aliyezikwa. Stefano ataona aibu, makopo yatakwisha, mwiko utarudi.

Anna alipopakua mchana, nikasema ni vizuri kumkumbuka jirani. Anna akafurahi! Akajaza sahani, akaifunika kwa kawa. Nikaipeleka mwenyewe. Nikamwambia Bi Mwanakombo kwa sauti ya kusikika, huyu ni samaki wa kopo. Wa kopo, nikarudia, asije akakosa.

Kisha nikakaa karibu na ua nikijifanya nachambua kuni. Sikusikia kicheko. Nilisikia vijiko.

Ijumaa, 6 Agosti

Sahani imerudi. Kwa watu wa pwani sahani ya jirani hairudi tupu, hilo nilikuwa nalijua, nilitegemea ndimu mbili au kipande cha muhogo. Imerudi na pweza wa nazi. Pweza mzima, laini, rojo zito. Bi Mwanakombo ameileta mwenyewe baada ya swala. Akasema bahari imechafuka tangu juzi, wanaume wamerudi mikono mitupu, na chakula kile kiliwakuta hawana kitoweo. Mumewe kalamba vidole. Akauliza, Mama Stefano, nani kapika?

Anna alikuwa kisimani. Nataka ieleweke kwamba sikupanga. Mdomo wenyewe ulisema, mimi.

Bi Mwanakombo akanishika mikono yote miwili akaiombea baraka. Hakuna aliyeiombea mikono hii tangu Padre aliponibariki siku ya ndoa yangu. Nikasikia joto hadi magotini. Akasema kesho asubuhi wanawake wenzake watakuja kwake kusuka mikeka, basi niende niwafundishe, maana wengi wana watoto wengi na siku za bahari chafu ni taabu. Nikasema ni jambo dogo.

Ni jambo dogo kweli. Samaki ni samaki. Anna anamtupa motoni hivihivi kwa sababu ni mtoto wa mjini, hakufundishwa. Kwetu Newala samaki anayepanda kule juu ni mkavu, na mkavu lazima alowekwe usiku kucha ndipo achemshwe. Maji yenyewe tulikuwa tunayabeba kichwani kutoka bondeni, na bado samaki tulimloweka. Huyu wa kopo kakaa humo ndani miezi mingapi? Atakuwa mgumu kuliko papa. Nimechukua makopo matatu, nimemwaga mafuta yake uani, maana yalinitia shaka, nimewaloweka samaki kwenye beseni na chumvi ya kutosha. Beseni liko chini ya kitanda changu. Kesho watajua nani mpishi.

Kuku wa Bi Mwanakombo wameyanywa yale mafuta yote. Wametembea kwa raha jioni nzima.

Jumamosi, 7 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Wanawake walikuwa wengi, wamekaa kwenye mikeka yao waliyoisuka nusu. Bi Mwanakombo akanitambulisha kama mgeni rasmi. Nikafunua beseni. Samaki hakuwemo. Yalikuwemo maji meupe na kitu kama pumba. Nikajiambia moto utamkusanya. Nikamchemsha. Nikamchemsha sana. Nikaongeza chumvi, nikaongeza tena. Bibi mmoja aliyekuwa mbele akauliza kwa adabu kama huu ni uji wa mgonjwa.

Bi Mwanakombo alionja. Akameza. Macho yakamtoka machozi, akasema moshi. Moto ulikuwa wa makaa.

Hapo ndipo Anna alipotokea na Modesta, wamebeba makopo mawili, kifungulio na vitunguu. Sijui nani alimwambia. Akatazama sufuria, akanitazama mimi. Nikangoja. Nilisema moyoni, sasa ananilipa panya wa Jumanne.

Akawageukia wanawake, akasema, mama mkwe wangu amewaonyesha kwanza kinachotokea ukimloweka, ili msije mkakosea nyumbani. Sasa tunaonyesha ya pili. Wanawake wakasema aaa, wakacheka, wakanipigia vigelegele. Anna akaniomba nimkatie vitunguu. Nikakata. Akakaanga kwa mafuta ya kopo, akaeleza kila kitu: usimwage mafuta, samaki kaiva tayari, mpashe tu, ndimu baada ya kuepua. Bibi wa mbele akasema mwalimu na msaidizi wake wamejipanga vizuri. Msaidizi nilikuwa mimi.

Njiani Anna alinibebea beseni. Nilitaka kusema asante, ikafika hapa kooni, ikarudi. Mtu anakuokoa mbele ya mtaa mzima, atakuwa na nia gani?

Jumapili, 8 Agosti

Baada ya misa Stefano akaniita pembeni. Akasema Anna ameomba kisamvu cha leo nikipike mimi, maana yeye hawezi kukifikisha pale ninapokifikisha. Yeye atapasha samaki tu. Nikamtazama Anna, alikuwa ameinama anapuliza moto. Nimemwelewa. Anataka nichoke, nitwange mpaka nianguke, ndipo ang'ae na kopo lake.

Nikatwanga.

Bwana Elia ni mtu mnene wa kutoka Masasi, haongei. Mkewe ndiye anaongea. Mkewe alionja jodari, akasema ajabu, akamuuliza Anna kapikaje. Anna akaeleza. Huyo mama akaomba arudie taratibu ili akumbuke. Mara mbili! Nikaona wivu, nikausukuma ugali wangu pembeni. Kila nilipotupa jicho, lilikuwa bakuli la samaki limeinuliwa, samaki amesifiwa, samaki kapewa jina la chakula cha kisasa.

Bwana Elia yeye alikuwa anakula kisamvu. Alirudia, akarudia tena, kisha akavuta bakuli lote karibu yake akalikwangua kwa kijiko. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, nadhani ni pilipili. Wakati wa kuondoka alinishika mkono muda mrefu akasema kwamba mama yake alifariki mwaka juzi, na kwamba hakutegemea kukionja tena. Sikuelewa anaongelea nini. Nilikuwa namsikiliza mkewe mlangoni, akimwambia Anna atamtembelea wiki ijayo kwa ajili ya katlesi.

Stefano kapata ghala. Bwana Elia kamwambia palepale barabarani. Akarudi akanirukia shingoni kama mtoto, akasema, Mama, leo umepika. Anna naye akapiga makofi.

Leo umepika. Nimeyasikia kwa masikio yangu. Lakini alisema huku anatabasamu kuelekea upande wa Anna, hilo nililiona vizuri. Macho yangu yanaona mbali sana.

Jumatatu, 9 Agosti

Sikulala vizuri. Nimewaza tangu alfajiri na sasa kila kitu kiko wazi.

Stefano ameniambia nisifikirie kurudi Newala, mwiko ni wangu, Anna mwenyewe ndiye aliyesema hivyo tangu siku ya makopo. Bi Mwanakombo ameleta sahani nyingine, mchuzi wa nazi na wali, akauliza mwalimu na msaidizi wake wanakuja lini tena. Wote wananichekea. Wote wako upande wake. Hawajui kwamba nimeshaligundua kosa langu la Jumamosi.

Niliwaloweka usiku mmoja tu.

Samaki aliyekaa kwenye chuma miezi yote hiyo, usiku mmoja atalainika wapi? Papa wa kwetu mwenyewe anataka siku nzima. Makopo mawili ya mwisho yalikuwa nyuma ya mtungi. Sasa yako wazi chini ya kitanda changu, beseni limefunikwa kwa khanga, chumvi nimezidisha. Mafuta wamekwishayanywa kuku. Safari hii ni usiku tatu. Alhamisi nitamwalika mke wa Bwana Elia, nitamwalika na Bi Mwanakombo, na Anna atakata vitunguu.

Modesta ameuliza chumbani kunanuka nini. Nimemwambia panya.